Umepangiwa Kikole! Mambo Kumi Kuhusu Mwajiri Wako Mkubwa

Mkeka wa ajira umetoka na jina lako limo. Hongera, mdogo wangu! Mama amepiga vigelegele, mjomba ameshatangaza mtaa mzima, na shemeji ameanza kuulizia mkopo kabla hujapata hata cheki namba. Sasa umerudi kwenye simu unausoma mstari wako polepole: Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa. Ukifika Kilwa Masoko kuripoti utaongezewa neno moja tu. Kikole.

Usinune. Kikole naijua. Nilipelekwa kumshikia mwenzangu aliyekuwa likizo ya uzazi, na nilipoondoka nililia kwenye bodaboda mpaka dereva akasimama kuniuliza kama nimefiwa. Mimi ni muuguzi mkunga, nimeifanyia kazi serikali zaidi ya miaka ishirini, yote kusini. Katika sekta ya afya ya nchi hii hakuna mwajiri mkubwa kumzidi huyu uliyempata, kwa hiyo ni vizuri umjue kabla hajakujua. Tutahesabu kurudi nyuma, kumi mpaka moja, kama mkunga anavyohesabu wiki zilizobaki: unaanza na nyingi, unayoisubiri ni ya mwisho.

10. Simu itakupeleka Kikole siyo

Ukiandika jina hilo kwenye ramani unaweza kuletewa Kikole ya Ruvuma, ukaanza kufungasha masweta. Masweta ya nini Kilwa? Weka kanga, weka ndala, weka tochi yenye betri za akiba.

Panda basi Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Utavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Sisi wa zamani tunalipigia saluti kimoyomoyo, maana kabla yake ilikuwa pantoni, na mgonjwa wa rufaa ya Muhimbili aliisubiri pantoni kama gunia la korosho linavyoisubiri. Ukifika Somanga nunua samaki wa kukaanga dirishani. Atakayekwambia usubiri uje kula Nangurukuru hakupendi. Hapo Nangurukuru unaiacha barabara ya Lindi, unakwenda Masoko kuripoti. Kutoka hapo muamini dereva wa bodaboda. Ataijua Kikole, na kabla hamjafika atakuwa ameijua na historia ya ukoo wenu.

Kikole ina msitu wa kijiji wenye mpingo. Mwaka 2009 msitu huo ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza ya vijiji barani Afrika kupata cheti cha FSC, kile kinachomhakikishia mnunuzi wa ng'ambo kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Kwa hiyo kuna mwanamuziki Ulaya anayepuliza klarineti ya mpingo, na huenda hajui kwamba mlinzi wa mti wake anakuja kwako kupima malaria. Wewe sasa utajua.

9. Mwajiri mmoja, milango saba

Utauliza, "Bosi wangu ni nani?" Keti, chukua kalamu.

Sera inatoka Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, kwa mkono wa halmashauri. Kibali cha kuajiri na kupanda daraja ni Utumishi. Fedha ni Hazina. Leseni ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukiugua ni NHIF, ukizeeka ni PSSSF. Ng'ombe mmoja, wachungaji wote hao, na maziwa yanatakiwa asubuhi na mapema.

Nakwambia hivi ili usije ukabisha hodi mlango usio wako na kurudi mikono mitupu. Dai la posho ya kujikimu, ombi la uhamisho, malimbikizo, kila moja lina mlango wake, na kila barua inapita kwa mganga mfawidhi kwanza. Sasa sikiliza neno la dada mkubwa: TUNZA NAKALA. Barua yangu ya kupanda daraja iliwahi kupotea katika ofisi moja ambayo siitaji. Nilikaa daraja lilelile nikiwatazama niliowafundisha kushika bomba la sindano wakinipita. Siku nilipoandika tena walinitaka nakala ya barua ya kwanza, na sikuwa nayo. Leo kila karatasi yangu ina pacha wake kwenye bahasha ya kaki, na bahasha iko ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko uko sandukuni chini ya kanga za harusi.

Vyeti vyako navyo viwe tayari kuonekana saa yoyote. Uhakiki wa mwaka 2017 ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na sekta yetu iliguswa. Majina yalitoka mchana, usiku zamu zao zikawa zetu. Sikuwatetea waliodanganya. Lakini nakumbuka wodi yenye wagonjwa walewale, vitanda vilevile, na sisi tuliobaki tukitazamana.

8. Utaitwa dokta

Utakataa. Utaeleza kwamba wewe ni muuguzi, kwamba kuna tabibu, kuna mkunga, kuna mteknolojia wa maabara. Watakusikiliza kwa adabu zote za Pwani, kisha watasema, "Sawa, dokta."

Wewe wajibu tu. Ila kumbuka umri: mzee akikuita dokta, mwanzo wa jibu lako ni shikamoo. Mtumishi asiyeamkia watu Kikole atakaa na dawa zake kabatini mpaka ziishe muda.

7. Utaolewa na vitabu

Vinaitwa MTUHA, na utavijua kwa namba kama watoto wa shule wanavyojua jezi za wachezaji. Namba 5 ni wagonjwa wa nje. Namba 6 ni wajawazito. Namba 7 watoto, namba 8 uzazi wa mpango, namba 12 wanaojifungua, namba 13 mama na mtoto baada ya kujifungua. Ni vipana kuliko meza, na safu zake ni nyembamba kiasi kwamba mwandiko wako mzuri wa sekondari utaupoteza mwezi wa kwanza.

Mwisho wa mwezi unajumlisha. Vijiti vinne na cha tano kimelala, vijiti vinne na cha tano kimelala, kidole kinashuka na safu, midomo inahesabu kimya, mtu anabisha hodi, "Dokta, mtoto anaharisha," na hesabu yote imeruka. Unaanza upya. Halafu kuna mifumo ya kompyuta, na kuna PEPMIS ya kupimia utendaji wako, nayo inataka mtandao. Usicheke ukimkuta mwenzako amesimama juu ya kichuguu akiwa amenyoosha simu mbinguni. Yuko kazini.

Utachoka na vitabu, nami sikatai. Lakini nikueleze kwa nini sijawahi kuandika namba ya kubuni humo. Julai 2022, wilayani Ruangwa, hapahapa mkoani kwetu Lindi, walianza kuja wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu, na damu ikiwatoka puani. Habari ilianzia ngazi ya zahanati, Mbekenyera. Wagonjwa 20, watatu walifariki. Nchi nzima ilishika pumzi. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO vikarudi hasi, na mwisho ikajulikana ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya kupitia maji na udongo. Habari kama hiyo huanza na mtumishi wa zahanati anayewatazama wagonjwa wake na kusema moyoni, hii homa siyo ile ya kila siku. Namba zetu za kila mwezi ndizo zinazotufundisha ya kila siku ikoje.

6. Karatasi ya mshahara husomwa kwa kukaa

Siyo kwa kusimama, utaanguka. Mshahara ghafi utakufurahisha, halafu macho yatashuka. PSSSF asilimia 5 kwako, na mwajiri anaweka 15. Bima ya NHIF asilimia 3 kwako, na mwajiri 3. Chama cha wafanyakazi nacho kina chake. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 inakwenda kabla hujanusa. Kodi iko palepale. Kinachobaki chini kabisa ndicho chako, wewe na shemeji.

Mei Mosi 2025, kule Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mshahara wa serikali una sifa moja ambayo wenzetu wa miradi waliijua thamani yake mwanzoni mwa mwaka huohuo, Marekani ilipositisha misaada yake: watu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa virusi vya UKIMWI vijijini, hodari kabisa, waliambiwa ndani ya siku chache wasije kazini. Wagonjwa wao walikuja kwenye madirisha yetu. Mwajiri mkubwa anakwenda polepole, ndiyo, lakini mwisho wa mwezi anakumbuka jina lako.

5. "Dawa hakuna" ni maneno mazito kuliko sindano

Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Zahanati inaagiza kwa makisio yake na fedha zake, na siku hizi fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, siyo kuzunguka kwanza ofisi za wilaya. Ni mabadiliko mazuri sana na yametufundisha kuhesabu. Sera inasema mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiyejiweza wa miaka 60 na kuendelea wanatibiwa bure.

Sasa kaa dirishani. Mzee amekuja kwa mguu na fimbo yake, amekalia benchi tangu alfajiri, amesikia redioni kwamba wazee ni bure. Unaandika jina la dawa, unafungua kabati, na ile ya presha imekwisha. Utafanyaje? Utamwambia akanunue duka la dawa muhimu. Anaikunja karatasi yako mara nne, anaifunga kwenye pindo la leso pamoja na ugoro wake, anasema, "Ahsante, mwanangu." Hagombi. Afadhali angegomba!

Hapo ndipo utajua kwamba Kikole haina Wizara, haina Bohari, haina Hazina. Ina wewe, dirishani. Dawa ikiwepo, umeileta wewe. Ikikosekana, umeinyima wewe. Kwa hiyo hesabu akiba kila wiki, agiza mapema kabla barabara haijalowa, na ukimwambia mtu hakuna, mtazame machoni na umweleze inatarajiwa lini. Watu wa huku husamehe upungufu. Kudharauliwa hawasamehi.

4. Kwanza nyumba, kisha mengine yote

Hapa sitanii. Mwaka 2007 nchi ilipitisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, tuliouita MMAM: kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Wananchi walisomba mawe na mchanga, akina mama walibeba maji ya kuchanganyia saruji, na kuta zikapanda kote nchini. Jambo kubwa. Lakini jengo la zahanati likifunguliwa utepe unakatwa, picha zinapigwa, na mtumishi anaambiwa atafute chumba.

Nimewahi kupanga chumba, katika kijiji nisichokitaja, ambacho ukuta wake haukufika darini. Mpangaji wa upande wa pili akikohoa namwambia pole nikiwa kitandani. Usiku mgonjwa akija zahanati, inabidi mtu atumwe mbio kuniita. Mama mmoja alijifungua barazani wakati mtoto aliyetumwa ananitafuta nyumba isiyo yangu. Alipona, mtoto alipona, lakini ile baraza ya saruji naiona mpaka leo.

Kwa hiyo mnaopanga bajeti, kama mnanisoma: mkunga mpeni nyumba mita hamsini kutoka chumba cha kujifungulia kabla hamjampa kompyuta. Nyumba ya vyumba viwili, choo, tangi la maji ya mvua, taa ya jua. Mengine yatakuja. Nawe mdogo wangu, ukiikuta nyumba ipo, panda mpapai siku ya kwanza. Ukipanda mti watu watajua umekuja kukaa.

3. Kalenda yako itakuwa ufuta, mvua na dungu

Sahau Januari na Desemba. Huku mwaka unapimwa kwa kilimo. Ufuta ukikaribia kuiva, kijiji kinahamia mashambani kuulinda dhidi ya nguruwe pori, nyani, na wakati mwingine tembo. Watu wanalala kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, siku nyingi mfululizo. Ripoti yako itasema kaya zimegawiwa vyandarua, nayo itakuwa kweli: chandarua kipo nyumbani kimetundikwa vizuri, na mwenyewe yuko dunguni, kifua wazi, akimpigia tembo debe. Mbu naye amehamia shamba. Ndiyo maana nasema elimu ya malaria Kikole inaanza na swali la heshima: "Mwaka huu mnalima upande gani, na mnalala wapi?" Ukiuliza hivyo utaambiwa ukweli, na utawaambia waende na chandarua dunguni. Ukianza na bango la wizara utaitikiwa ndiyo, dokta, mpaka jioni.

Ufuta ukiuzwa mnadani, fedha inashuka, na wewe utawaona wagonjwa wa aina nyingine: wanaume waliokuwa wameficha busha miaka kumi wanakuja kuuliza taratibu, sauti chini, kama upasuaji unauma. Ukanda wetu wa Pwani umeteswa na matende na mabusha muda mrefu, na mbu ndiye mwenye kosa. Wapokee bila tabasamu la pembeni. Mtu aliyeamua kuvunja aibu ya miaka kumi ana haki ya kukuta uso mkavu na jibu lililonyooka.

Kisha masika. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu, na mafuriko yakaikata barabara kuu eneo la Somanga. Kusini na Dar es Salaam zikawa kama nchi mbili. Magari yalipanga foleni pande zote, na sisi ndani ya wilaya tulihesabu chupa za dripu kama mama anavyohesabu unga mwisho wa mwezi. Tangu hapo kila Machi napeleka oda ya masika mapema. Wanafunzi wangu husema nina hofu. Hofu njema hujaza kabati.

Na katika msimu wowote, kuna namba moja usiyoruhusiwa kuisahau hata ukiota: 115. Ni ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Unapiga bure, unaeleza hali, wanatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana wanatafuta dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Zamani tulikuwa tunazunguka na kopo la michango usiku, mama anavuja damu na ndugu wanabishana bei ya mafuta. Anayesema hakuna kilichobadilika hakuwa nasi enzi za kopo.

2. Utaandika neno Kinyonga, na neno hilo lina historia

Rufaa yako ya kwanza kutoka Kikole itakwenda hospitali ya wilaya, iliyoko Kilwa Kivinje. Jina lake Kinyonga. Utaliandika haraka kwenye fomu, kwa herufi za daktari. Usiliandike haraka.

Vita vya Maji Maji viliwaka mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, wilaya hiihii, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa maji, na maji yale yalikuwa dawa. Serikali ya Wajerumani ilijibu kwa risasi, njaa na kamba. Kivinje kulikuwa na mwembe waliouita Mwembe Kinyonga. Hapo walinyongwa wapiganaji, na leo pana mnara wa kumbukumbu.

Mama mmoja mimba ilimletea presha, miguu imevimba, macho yanaona vimulimuli. Nikaandika rufaa. Babu wa mumewe, mzee sana, akaniuliza anakwenda wapi. Nikamjibu, Kinyonga. Akanyamaza, akasugua fimbo yake chini. Kisha akasema, "Babu yangu alichukuliwa na serikali kupelekwa Kinyonga, hakurudi. Huyu anachukuliwa na serikali kwenda Kinyonga. Arudi, mwanangu."

Nilishikwa na baridi mchana wa jua kali. Vyuoni tulifundishwa kwamba wanaochelewa kukubali rufaa hawana elimu. Siku ile nilijifunza kwamba wengine wana kumbukumbu. Kwa mzee yule, serikali ilikuwa kitu kimoja kirefu chenye miaka zaidi ya mia: ilileta pamba, ilileta kamba, kisha ikaleta uhuru, shule, chanjo, na sasa imeleta binti aliyevaa gauni jeupe. Yule binti ndiye anayeulizwa kwa niaba ya wote. Nilimwambia, "Atarudi, babu. Nakwenda naye." Nikapanda gari. Walirudi watatu: mama, na mapacha waliozaliwa kwa upasuaji, mmoja mdogo kama kiganja na nusu, akilia kwa sauti kubwa kumshinda mwenzake.

Kwa hiyo ukitoa rufaa, kaa chini, taja jina la mahali, eleza gari linapita wapi, nani atampokea, ndugu yupi aende naye, na nguo zipi abebe. Ni dakika kumi. Hakuna safu yake kwenye MTUHA, nawe usiziache.

1. Saa tisa usiku, utakuwa wewe

Ilikuwa masika, mvua imepiga bati tangu magharibi. Wakaja watatu chini ya turubai moja: binti wa mimba ya kwanza, mama mkwe wake, na bibi aliyezalisha nusu ya kijiji kabla ya sisi kuja. Bibi hakuingia ndani. Alikaa kizingitini, miguu nje, kichwa ndani. Nikamwambia, "Bibi, ingia, nakuhitaji." Akaingia, akakamata mkono wa binti, akaanza kumwimbia taratibu kwa Kimatumbi. Basi nikawa na timu.

Kila nusu saa naweka pembe tumboni na kusikiliza mapigo ya mtoto, naweka nukta kwenye partografu. Nukta, nukta, nukta. Njia ikafunguka yote saa nane na robo. Binti akasukuma. Mtoto akatoka saa tisa kasoro dakika tano, amelegea, rangi ya buluu, kimya.

Tulifundishwa dakika ya dhahabu: mtoto asiyelia lazima awe ameanza kupumua, kwa nguvu zake au kwa mkono wako, kabla ya sekunde sitini kuisha. Mafunzo hayo yalijaribiwa katika hospitali nane za nchi hii kuanzia mwaka 2009, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kwa asilimia 47. Mimi sikuwa hospitali. Nilikuwa na meza, taulo mbili, na kipumulio cha mkono cha mpira chenye kikombe kidogo kinachofunika pua na mdomo. Nikamkausha na kumsugua mgongo. Kimya. Nikakata kitovu, nikamlaza meza ya pembeni, nikanyoosha kichwa, nikafunika kikombe, nikabana. Kifua kikapanda. Achia. Bana. Achia. Bana. Bibi akawa ameleta tochi ya simu bila kuambiwa, amemulika penyewe, mkono hautikisiki.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi. Mtoto akakunja uso kama mtu aliyeonja ndimu, akakohoa, akalia. Bibi akasema, "Haya," neno moja tu, akarudi kumshika binti. Nikampa mama sindano ya oksitosini, kondo likatoka zima, damu ikatulia. Nikamlaza mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, nikawafunika kanga. Ndipo nikaona magoti yangu yanagongana.

Alfajiri mvua ilikata. Nilikuwa natumbukiza vifaa kwenye ndoo ya klorini, mlango wazi, nikamsikia mama mkwe barazani akimpigia simu mwanawe aliyekuwa kwenye mashamba ya ufuta. Mtandao ulikuwa unakatika, kwa hiyo alipaza sauti kijiji kizima kikasikia. "Tumepata mtoto wa kiume! Mzima! Eh? Nani alikuwepo? Serikali ilikuwepo! Usiku kucha!"

Nikafuta mikono, nikafungua namba 12, nikaandika mstari wake: tarehe, saa, uzito kilo mbili na gramu mia nane, alisaidiwa kupumua, yu hai. Kwenye safu ya aliyezalisha nikaandika jina langu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama. Hajui kusoma, lakini aliweka kidole penye jina akaniuliza, "Hapo umeandika nini?" Nikamwambia. Akaniambia, "Na langu liweke."

Safu ilikuwa finyu. Liliingia.